Tovuti ya Wasemaji wa Betafo

Betafo, 2 Aprili

Mjukuu wangu Haingo,

Tovuti ya Chama cha Wasemaji wa Betafo nimeimaliza. Nimeijenga kwa mikono hii hii, jana baada ya kifungua kinywa, na sasa hivi Wafaransa wanaisoma huku wakipangusa machozi kwa utamu wa maneno.

Najua umeshaanza kucheka, basi nakiri kabla wino haujakauka. Hakuna tovuti. Sijui hata tovuti inashikwa upande gani. Nilichomaliza jana ni kutangaza kwamba iko karibu kumalizika, na nilitangaza mbele ya watu thelathini na mmoja, kwa sauti ile yangu ya harusini. Ndiyo maana unaona barua.

Kisa ni hiki. Mabinti wa siku hizi wakichumbiwa hawaji tena kugonga mlango kutafuta msemaji wa kuwaombea au kuwajibia siku ya posa. Wanapapasa simu. Na kwenye simu wanawakuta vijana wa huko kwako mjini, wamevaa suti, wamepigwa picha kwa pembeni kama noti. Mwaka jana mimi, mwenye kiti cha msemaji wa kwanza kwa miaka ishirini na miwili, nimesimama kwenye harusi nne. Nne, Haingo. Na moja kati ya hizo ilikuwa ya mtoto wa dada yangu, hata haihesabiki.

Mkutano ukasema tuwe na tovuti. Razafimbelo akasimama. Unamjua, yule ambaye pua yake huingia chumbani, halafu tunamsubiri mwenyewe. Akasema mpwa wake Solofo ana duka la kompyuta Antsirabe, na zipo tovuti zilizokwisha tengenezwa, unachukua, unabandika majina, siku tatu kazi imekwisha. Watu wakampigia makofi. Mimi makofi yasiyo yangu yananiwasha mwilini. Nikasimama nikasema hicho cha dukani ni mtumba, umevaliwa na watu wengine mpaka kwapani, na kwamba mjukuu wangu anawajengea wageni mitambo hiyo kila siku, yetu ataijenga kuanzia nguzo ya kwanza.

Razafimbelo akauliza kwa upole kama niko tayari kuweka kiti changu juu ya maneno hayo. Mdomo wangu ukajibu kabla yangu.

Basi tumekubaliana hivi: Jumapili kabla ya Sikukuu ya Uhuru, mwezi Juni, tovuti zote mbili zitaonyeshwa katika ukumbi wa kanisa, wanachama watachagua moja. Atakayekataliwa tovuti yake, kiti cha msemaji wa kwanza si chake, ni cha mwenzake.

Nieleze tofauti ya hivyo vitu viwili, kwa maneno mafupi, maana shule niliiacha darasa la tano kupitia dirishani. Wala usipige simu. Kwenye simu nasikia nusu, na nusu hiyo najitungia.

Babu yako,
Ralaimihoatra


Antananarivo, 9 Aprili

Babu mpendwa,

Barua yako nimeisoma kazini na bosi wangu ameniuliza nalia au nacheka.

Tofauti ni hii. Cha dukani ni nyumba iliyokwisha jengwa. Ina milango, kufuli, jiko, na chumba cha kuwekea picha. Wewe unahamia tu, unapaka rangi, unapanga viti. Mtu asiyejua lolote la kompyuta anaweza kuingia kesho akabadilisha namba ya simu. Ubaya wake ni kwamba mwenye kuijenga hakukujua wewe, kwa hiyo vyumba vimepangwa alivyopenda yeye, na ukitaka kuhamisha ukuta utatoka jasho.

Cha kujengwa, mafundi wa kazi yangu huanzia kwenye kitu tunachokiita kiunzi. Unapewa nguzo na boriti zilizonyooka, basi. Ukuta, mlango, hata kitasa, unaweka mwenyewe. Nyumba itakuwa vile unavyotaka hasa. Lakini mjenzi ni mmoja, na siku kitasa kikikatika ni yeye huyo huyo wa kuitwa.

Mimi mteja akija nina maswali matatu tu. Je, unataka jambo ambalo wengine wote hawalitaki? Nani ataitunza nikishaondoka? Na unayo miezi mingapi? Kwa chama chenye majina, picha na namba za simu, chenye wazee wasiogusa kompyuta, na miezi miwili na nusu, Babu, jibu langu ni moja: chukueni cha dukani. Ndiyo, kile kile cha mzee Razafimbelo.

Najua maneno haya hayashuki kooni. Ungeniuliza kabla ya kuweka kiti.

Mjukuu wako,
Haingo


Betafo, 17 Aprili

Mjukuu wangu msaliti,

Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Imefaa sana hapo. Halafu jana nimeitoa tena, maana kuna habari.

Solofo ameshaleta cha dukani chake kutuonyesha, cha kujaribia tu. Alikuja na kompyuta, tukajazana mbele yake hapo ukumbini kama kuku waliomwagiwa mtama. Kijana yule amelelewa vizuri, sina la kumsema. Alipokuwa anaingiza majina alianza na wakubwa, mmoja mmoja, kwa umri, kama inavyopasa. Mimi wa kwanza, Razafimbelo wa pili, akateremka hivyo mpaka Tahiry, yule wa miaka ishirini na minne ambaye bado anaazima kofia ya usemaji.

Akafungua. Wa kwanza juu kabisa, uso mkubwa kama sinia: Tahiry. Chini yake aliyemzidi umri kidogo, na chini yake mwingine, tukashuka, tukashuka, mpaka sakafuni kabisa, chini ya Razafimbelo, nikajikuta mimi. Kumbe kitu kile humtanguliza aliyeingia mwisho. Kwa sababu Solofo alituheshimu, tukawa mkia. Tahiry maskini alitaka kujificha chini ya benchi. Aliomba radhi kwa kila mzee mmoja mmoja kwa kosa la mashine.

Razafimbelo akaamuru yapangwe kwa alfabeti, haraka. Solofo akapanga. A hakuna mtu. B hakuna mtu. C, D, E, kimya kama kanisani siku ya Jumatatu. Tukafika R. Tukakuta chama kizima kimelala hapo, Ra huyu na Ra yule, watu thelathini na mmoja kwenye herufi moja, na Tahiry amebaki peke yake kwenye T kama mwenye ukoma.

Nilicheka mpaka bibi Ravaonirina, katibu wetu, akanipa maji.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu. Ndiyo, tunataka jambo ambalo wengine wote hawalitaki. Tunataka mkubwa atangulie. Na tunataka kabla ya neno lolote mgeni aombwe radhi, maana wewe ni mtoto wa huku, unajua: msemaji hasimami akaanza tu na habari yake. Kwanza anasema yeye si kitu, si mkubwa, hakustahili, na aliye mbele yake ndiye bora. Hicho cha dukani kinaanza na picha, na kitufe cha rangi ya nyanya kilichoandikwa "Tupigie". Ni adabu gani kumwamrisha mtu ambaye hujamwamkia?

Jenga, Haingo. Kiti changu kina mguu mmoja sasa, na mguu huo ni wewe.

Ralaimihoatra, wa mwisho kabisa kwenye orodha


Antananarivo, 28 Aprili

Babu,

Hayo ya umri na alfabeti ningeweza kuyageuza kwenye cha dukani kwa kazi ya mchana mmoja. Nilitaka kukuambia hivyo na kuishia hapo.

Lakini nimekaa nikafikiri. Miaka mitano nawajengea watu wa ng'ambo maduka ya viatu na mabafu, vitu ambavyo sitaona mtu hata mmoja akivitumia. Nikuwekee wewe kitu kimoja ambacho nitakisikia kikisomwa kwa sauti ukumbini? Nataka.

Nimeanza jana, kwa kiunzi. Nitumie maneno ya kuomba radhi. Mafupi, tafadhali.

Haingo


Betafo, 14 Mei

Mjukuu wangu fundi,

Maneno ya radhi haya hapa. Radhi kumi na moja. Nimeyakata sana. Mgeni asiweze kuruka hata moja, maana ukiruka radhi lawama inabaki, na lawama ikibaki harusi inaharibika, na harusi ikiharibika watasema ni tovuti.

Kuna mambo madogo tu nimeyakumbuka. Upande wa mume uwe kushoto na wa mke kulia, na wakijibizana wapokezane. Jambo jingine dogo: msemaji mmoja asiweze kukodiwa na pande zote mbili za harusi moja, kama yaliyomkuta marehemu mjomba wako, aliyejiomba na kujikubalia mwenyewe mpaka watu wakamrushia viazi. Jingine dogo: sauti yangu isikike. Na kofia. Kofia ionekane kwamba ni mpya.

Jumanne nilikwenda Antsirabe kwa ajili ya jino. Duka la Solofo liko njiani, yaani ukizunguka kidogo liko njiani. Nikamkuta Ravaonirina amekaa mbele ya kompyuta ya yule kijana. Bibi wa miaka sabini na mmoja, Haingo, ambaye redio huiwasha kwa kuipiga kofi. Laini yake ya simu ilikuwa imekufa, amenunua nyingine, na namba mpya aliiweka mwenyewe kwenye kile cha dukani. Alibonyeza hapa, akafuta, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza pale. Nilikuwa na kipande cha mkate wa mchele mkononi, naye alimaliza kabla sijakila chote. Halafu akaniuliza kama na mimi nataka kujaribu.

Sikujaribu. Yaani nilijaribu mara moja. Nilirekebisha mwaka wangu wa kuzaliwa. Sikuvutiwa hata kidogo.

Yetu inaendeleaje?

Babu yako,
Ralaimihoatra


Antananarivo, 29 Mei

Babu,

Inaendelea vizuri sana. Usiwe na wasiwasi.

Haingo


Antananarivo, 15 Juni

Babu yangu,

Barua hii nampa Naina, dereva wa gari la huko Betafo, leo asubuhi ili uipate Jumatano, siku nne kabla ya mkutano. Nilikudanganya mwezi uliopita. Haikuwa inaendelea vizuri.

Sikiliza nilivyopoteza siku. Wiki ya kwanza baada ya radhi zako kufika nilizitengeneza, na nikuambie ukweli, zilinifurahisha. Wiki ya pili nikasema, sawa, mtu atawekaje picha? Nikajenga mahali pa kuwekea picha. Halafu nikasema, si kila mtu aweke picha, lazima pawe na mlango na neno la siri. Nikajenga mlango. Mzee akisahau neno la siri? Nikajenga njia ya kumpa jingine. Picha ikiwa kubwa kupita kiasi? Mtu akikosea akataka kurudi nyuma? Hivyo hivyo, Babu, jioni baada ya jioni nikitoka kazini. Nimetumia wiki tatu kujenga kufuli na jiko ambavyo cha dukani kinakuja navyo, na vyangu ni vibaya zaidi. Mimi mwenyewe nilikuandikia onyo hilo Aprili, kisha nikalipita kama silioni.

Zinazofanya kazi leo ni kurasa tatu tu. Nyingine zote ni michoro. Ukibonyeza, hakuna kinachofunguka. Na namba ya simu ya chama iko baada ya radhi ya kumi na moja. Nilimpa rafiki yangu wa kazini ajaribu kuipata. Alifika ya nne akaniuliza kama kuna mtu amekufa.

Waombe waahirishe. Sema mimi ni mgonjwa. Kiti hicho usikipoteze kwa ajili ya kiburi changu, maana mwisho kilikuwa changu, si chako. Siwezi hata kuja, naona aibu.

Haingo


Betafo, 22 Juni

Mjukuu wangu,

Barua yako ya tarehe kumi na tano imenifikia leo asubuhi, Jumatatu, baada ya kila kitu kwisha. Naina anasema ilianguka chini ya kiti cha gari. Basi mkutano nimekwenda kama kipofu, sijui lolote. Sasa kaa chini nikusimulie.

Ukumbi ulijaa. Baridi ilikuwa kali, kila mtu amejifunga shuka lake mpaka masikioni, ungedhani ni mkutano wa magunia. Mchungaji alitaka kufungua kwa sala fupi na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ikawa fupi kweli, maana na yeye alikuwa na hamu.

Kwa desturi yetu, kitu hakichaguliwi kabla hakijasemewa. Kila mwenye tovuti asimame aisemee. Na msemaji wa Betafo akisemea cha kwake anajua la kufanya: anakishusha cha kwake, anakipandisha cha mwenzake. Huo ndio uungwana. Anayejisifu ni muuza dawa za meno sokoni.

Razafimbelo akatangulia, maana mimi mkubwa nilimpa nafasi, na kumpa mtu nafasi ni kumtia shimoni kwa heshima. Alianza vizuri. Akasema chake ni kitu hafifu, cha watu wote, kisicho na jina. Tukaitikia. Akasema cha mjukuu wa mzee Ralaimihoatra bila shaka ni jumba. Tukaitikia. Kisha Solofo akawasha kompyuta, zile picha zikang'aa ukutani, Razafimbelo akaona uso wake ukubwa wa mlango, na ulimi ukamteleza. Akasema ukitazama vizuri si kibaya. Akasema namba inapatikana mara moja. Akasema kweli ni kizuri. Mwisho akasema ni kizuri kuliko vyote vya nchi hii. Watu wakaanza kukohoa. Wazee wa mbele walitazama viatu vyao.

Zamu yangu. Nikavua kofia. Nikaomba radhi kwa wakubwa, na kwa kuwa mkubwa ni mimi nikajiomba mwenyewe nikajisamehe. Kisha nikaishusha nyumba yetu, Haingo, kama sijawahi kushusha kitu. Nikasema ni kibanda. Nikasema mgeni akifika anaombwa radhi mara kumi na moja mlangoni, na akimaliza kusamehe bibi harusi ameshazeeka. Nikasema ina milango mingi lakini inayofunguka ni mitatu, mingine imechorwa ukutani kwa chaki. Nikasema fundi wake ni mmoja, anakaa mbali, na akipata mafua chama kizima kinapiga chafya.

Kisha nikakipandisha cha dukani. Nikawauliza namba mpya ya Ravaonirina aliiweka nani. Ravaonirina akanyoosha mkono. Nikawauliza ana miaka mingapi. Akaukunja. Nikasema nyumba nzuri ni ile ambayo bibi kama huyu anaingia bila kumwita fundi. Na kuhusu mkubwa kuwa mkia, nikasema hilo ni kupanga viti tu, viti hupangwa kila siku, wala hatujawahi kubomoa kanisa kwa sababu benchi limekaa vibaya.

Nilisema kwa muda wa kupika wali. Watu walilia kwa kucheka. Waliposimama kuchagua, ikatangazwa wanaotaka cha dukani waende dirishani, wanaotaka chetu wabaki mlangoni. Dirishani walikwenda ishirini na saba. Mlangoni walibaki wanne, na mmoja wao alikuwa amelala. Mwingine alikuwa Razafimbelo. Ndiyo. Kwa uungwana alipaswa kuichagua yangu, na hilo angalau hakulikosea.

Nikajua kiti kimekwenda. Miaka ishirini na miwili. Nilikifuta vumbi kwa shuka langu, nikakisukuma mbele kwa mguu, nikamwambia Razafimbelo akae, ila ajihadhari na msumari wa upande wa kushoto.

Alikuwa ameshainama kukaa pale Ravaonirina alipoinuka. Aliwauliza wale wa dirishani swali moja:

"Nani amewaleta hapo dirishani?"

Mtu mmoja akasema ni Ralaimihoatra.

"Na maneno ya Razafimbelo yamemleta nani?"

Yule aliyelala akaamka akauliza kama ni wakati wa kula.

"Basi mnataka kumvua kiti cha usemaji," akasema Ravaonirina, "mtu aliyewahamisha watu ishirini na saba kwa ulimi, kosa lake likiwa ni kwamba amewahamisha?"

Walibishana. Walisema makubaliano ni makubaliano. Walisema hayakuandikwa. Mchungaji akasema kitu kuhusu unyenyekevu, tukamsubiri amalize. Mwisho Razafimbelo mwenyewe, akiwa bado ameinama nusu, hajakaa wala hajasimama, alianza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi ashike egemeo. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, umenisifu mpaka nimeshindwa. Kaa kwenye msumari wako."

Kiti ninacho. Tovuti ni ya dukani, Razafimbelo na mpwa wake ndio watunzaji. Na chetu, Haingo, nimekiua mwenyewe mbele za watu, na naomba radhi kwa hilo. Radhi moja tu, nimejifunza kukata.

Babu yako,
Ralaimihoatra, bado wa kwanza


Antananarivo, 29 Juni

Babu,

Milango mitatu inayofunguka na mingine imechorwa. Fundi mmoja anayekaa mbali. Radhi kumi na moja mlangoni.

Nimemuuliza Naina. Anasema barua yangu aliiweka mkononi mwako Jumatano, na wewe ulimpa viazi vitamu viwili na kumwambia kama mtu akiuliza, ilianguka chini ya kiti.

Ulijua siku nne nzima. Ungeweza kuwaambia mimi ni mgonjwa. Badala yake ulisimama ukakichekesha kile kibanda kwa namna ambayo hakuna mtu aliyekumbuka kuomba kukiona. Hawakukiwasha kabisa, sivyo? Ukumbi mzima haujui kwamba sikumaliza. Wanadhani babu yangu ni mnyenyekevu.

Na kiti ulikiweka hapo bila kujua kama Bibi Ravaonirina angesimama.

Nami nimefanya hili. Jumamosi nimekaa mchana mmoja, nikachukua sehemu ile ya kupanga watu kwa umri niliyokuwa nimeandika, nikaifanya kiungo kidogo cha kuchomeka kwenye cha dukani. Nimempelekea Solofo. Ameshaiweka. Mkubwa sasa yuko juu, Tahiry yuko chini na anashukuru. Nimeweka na radhi moja, mistari minne, juu ya kile kitufe cha nyanya. Nimeichagua ya saba kati ya kumi na moja zako. Ile ndiyo iliyonifanya nilie wiki ya kwanza.

Solofo anasema watu wa harusi mbili wameshapiga simu, na wa harusi moja wanataka "yule babu wa juu".

Nakuja Agosti. Sitaona aibu.

Mjukuu wako,
Haingo


Betafo, 6 Julai

Mjukuu wangu,

Naina ni mtu mdaku na viazi vyangu atavirudisha.

Sikubali wala sikatai. Huenda barua niliipata Jumatano. Huenda niliisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kisima. Wewe uliandika kwamba kiburi kilikuwa chako. Hilo lilinikera kuliko yote. Kiburi cha nyumba hii ni mali yangu, niligawa kidogo tu, na sikupenda mtu mwingine akilipie. Nikasema kama lazima kitu kianguke ukumbini, kianguke cha kwangu, na kianguke kwa kelele ili hakuna anayetazama kingine. Kuhusu kiti, nilishakiaga. Ravaonirina sikumtuma. Yule bibi hatumwi.

Hiyo harusi nimeikubali. Ni ya huko Mandoto, upande wa mume. Na upande wa mke wamemchukua, utacheka, Razafimbelo. Sasa tunapita njia tofauti kwenda sokoni ili tusizoeane kabla ya siku.

Sasa tulizungumze lako. Mbele ya watu thelathini na mmoja na mchungaji nimesema kazi ya mjukuu wangu ni kibanda, na kwa kusema hivyo hakuna atakayejua kwamba kilikuwa kibanda kweli. Hapo nadhani unanidai kitu kidogo. Hapana, nimekosea, mimi ndiye ninayekudai. Ni kitu kidogo sana, utakimaliza ukiwa umesimama.

Razafimbelo alisema kwamba msemaji wa kwanza lazima naye ajifunze kuandika kwenye cha dukani, akanipa neno la siri mwenyewe, kwa mkono wake, mtu mwema. Juzi nilikwenda dukani kwa Solofo, yeye akawa ametoka kununua sabuni. Nikasema ngoja nijifundishe. Pale kwenye picha ya Razafimbelo pana alama kama ya ndoo. Nilitaka kujua ndoo ile ni ya nini. Sasa najua.

Picha haipo. Jina lake halipo. Namba ya simu haipo. Kutoka kwangu tunaruka moja kwa moja mpaka wa tatu, kama jino lililong'olewa. Na kwa kuwa niliingia kwa jina langu, Solofo anasema mashine inakumbuka ni nani aliyebonyeza na saa ngapi, jambo ambalo naona si adabu. Nimempa viazi.

Jumapili Razafimbelo anamwonyesha mama mkwe wake tovuti. Niandikie kabla ya hapo, kwa maneno mafupi, namna ya kumtoa mtu ndani ya ndoo.

Babu yako,
Ralaimihoatra